Bibi Shamba Anajibu: Nipande kiazi gani hapa Luchelele?

Shikamoo Bibi Shamba,

Ninaishi Luchelele, Mwanza, na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, ambaye tulimchukua kutoka Ukerewe baada ya baba mkwe kufariki. Nyuma ya nyumba tuna robo eka. Upande wa juu, karibu na majabali, ni mchanga mwepesi wa luseni. Upande wa chini udongo ni mweusi na unashika maji, na ukiteremka zaidi unakuta matete na ziwa lenyewe. Kwetu viazi ndiyo chai ya asubuhi, na siku nyingine ndiyo chakula cha usiku pia. Nimechoka kuvinunua ilhali ardhi ninayo.

Vuli iliyopita nilipanda marando, yaani vipande vya shina la kiazi kitamu vya kupandia, niliyopewa na majirani, kila mmoja alivyojaliwa. Kuna yenye majani ya kuchanika, kuna ya majani mapana, na kuna machache ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, niliyopata kwenye shamba darasa. Mengine yalitambaa vizuri. Mengine yalidumaa kabisa, majani yakawa madogo, yamejikunja, yana rangi ya unjano usiopendeza. Tulipochimba, viazi vingi vilikuwa na matundu, na hata ukikata sehemu nzima ukaipika ina uchungu na harufu. Watoto waligoma kula. Vile vya lishe vilikuwa vizima, lakini wanasema vina maji, wao wanataka kiazi cha unga.

Sasa nyumbani kuna maoni matatu. Mume wangu kazaliwa Makete, anasema tuachane na viazi vitamu tupande viazi mviringo, na ndugu yake yuko tayari kututumia gunia la mbegu kwa basi. Mama mkwe anasema tupande ile aina ya kwao wanayoiita ukerewe, mengine ni kupoteza muda. Na muuza pembejeo mmoja ameniambia nichague aina moja tu inayozaa sana, nijaze shamba lote.

Mvua za vuli zinakaribia. Nimsikilize nani?

Mama wa watatu, Luchelele


Marahaba mwanangu. Kwa mama mkwe pole na msiba, na mpe salamu zangu.

Nianze na la mume wako, kwa sababu gunia likishapakiwa kwenye basi itakuwa vigumu kulirudisha. Mwambie kwa upole asubiri. Kiazi mviringo ni zao la baridi. Kwao Makete vijiji vingi viko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ninyi hapo ziwani mko kwenye mita 1,130 na kidogo. Mmea ule huanza kutunga viazi vizuri usiku unapokuwa na ubaridi. Joto la usiku likizidi nyuzi 20 hivi, chakula kinachotengenezwa na majani hakiteremki chini kama inavyotakiwa, unabaki na shina refu la kijani na viazi vya ukubwa wa goroli. Usiku wa Mwanza mara nyingi hukaribia kiwango hicho, na mchana joto hufika nyuzi 28 na kuzidi. Kwa hiyo mume wako anakijua kiazi vizuri, ila anakijua cha kwao.

La pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Kuna ugonjwa unaitwa mnyauko bakteria. Kiazi kinaweza kuwa nao ndani na kule kwenye baridi kisionyeshe dalili yoyote: mmea unasimama, unazaa, mkulima anachagua mbegu kwa moyo safi. Ukiuleta kwenye joto la ziwani, mimea inanyauka mchana ikiwa bado kijani, na udongo wako unabaki na vijidudu hivyo kwa miaka. Na haviishii kwenye viazi. Vinashika nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu, yaani karibu kila kitu ambacho mama wa Mwanza hupanda nyuma ya nyumba. Gunia la zawadi linaweza kukuharibia bustani nzima. Ukitaka kuutambua ugonjwa huu hata kwenye nyanya zako, kata kipande cha shina lililonyauka, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye kidonda, ndio huo.

Lakini sisemi mumkatalie kabisa, maana mtu anayetamani chakula cha kwao si wa kupuuzwa. Mpeni matuta mawili mafupi, siyo vuli hii, bali mwanzoni mwa Juni, wakati usiku una ubaridi wa kiangazi na mna maji ya kumwagilia. Atafute mbegu iliyothibitishwa, siyo viazi vya kula vya sokoni, na aulizie Unica, aina inayostahimili joto kuliko nyingi. Apande mahali ambapo nyanya na jamaa zake hazijapandwa karibuni, na ayapandishie udongo matuta ili viazi visipigwe jua na kuwa vya kijani, kwa sababu ule ukijani huambatana na sumu. Atapata kidogo, lakini atakula alivyolima mwenyewe.

Sehemu nyingine ya robo eka yenu ni ya viazi vitamu. Hapa Kanda ya Ziwa hilo ndilo zao lililokubali joto letu, mchanga wetu na mvua yetu inayokuja na kukatika inavyotaka. Na kilichokuangusha vuli iliyopita hakikuwa aina ya kiazi, au tuseme hakikuwa aina peke yake. Yalikuwa marando.

Ile mimea iliyodumaa, yenye majani madogo yaliyojikunja na kupauka, ilikuwa na ugonjwa wa virusi. Mara nyingi ni virusi vya namna mbili vinavyokutana kwenye mmea mmoja: kimoja huletwa na vidukari, kingine na nzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa majani. Kila kimoja peke yake mmea unaweza kukivumilia, vikiungana mavuno yanaporomoka. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya mmea ulioshikwa. Na kwa kuwa kiazi kitamu hatupandi mbegu, tunakata mmea wa jana ndio unakuwa mmea wa kesho, virusi hurithiwa msimu hadi msimu na nyumba hadi nyumba. Jirani alikupa kwa upendo, na ugonjwa ukaja pamoja na upendo.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza jina la kiazi, jiulize marando yanatoka wapi. Nenda ukayaone shambani yakiwa bado yamesimama. Ukiletewa fungu limefungwa kamba mlangoni, huwezi kujua lolote. Tembea katikati ya matuta, angalia majani machanga. Shamba ambalo kila ukipiga hatua chache unakutana na mmea uliodumaa, shukuru, ondoka, hata kama viazi vyake ni vitamu kuliko vyote. Shamba ambalo ni safi, omba vichwa tu, yaani sentimita 25 hadi 30 za mwisho wa rando, kutoka kwenye mmea wa miezi miwili au mitatu. Usichukue sehemu ya chini karibu na shina. Huko ndiko fukusi, mdudu mtoboa viazi, hutaga, na ukipanda kipande hicho umempanda na yeye.

Fukusi ndiye aliyekutoboa viazi, na ule uchungu watoto waliouonja ni kinga ya kiazi chenyewe: kikitafunwa hutengeneza kemikali chungu, nazo huenea mpaka sehemu ambayo jicho linaiona nzima. Walikuwa na haki ya kugoma, na mifugo pia usiwape. Mdudu huyu hawezi kuchimba chini sana. Huingia kwa nyufa za udongo pale kiangazi kinapoanza na viazi vinapotanua matuta. Ndiyo maana kupandishia udongo mara moja au mbili na kuziba nyufa kunasaidia kuliko dawa nyingi za dukani. Kuvuna kwa wakati nako kunasaidia. Najua desturi yetu ni kuacha viazi ardhini na kuchimba vya kula leo, na kwa luseni desturi hiyo ni nzuri kwa wiki chache, lakini ukifika Julai na Agosti unamlimia fukusi. Halafu okota masalia yote, vile viazi vidogo na mizizi minene inayobaki. Na upande uliolima viazi mwaka jana, mwaka huu weka mahindi na maharage, au karanga.

Sasa majina.

Kwa watoto na kwa lishe, Kabode. Ni aina kutoka Uganda, nyama yake ni ya rangi ya chungwa, hukomaa kwa miezi minne hivi na huvumilia virusi kiasi. Yawezekana ndiyo uliyopata shamba darasa. Rangi ile ya chungwa ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 tu za kiazi lishe, yaani kiazi kimoja cha wastani, zinatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Mwaka 2016 wataalamu watatu wa viazi lishe, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani, kwa hiyo usikiache kwa kuwa watoto wamesema kina maji.

Maji hayo kweli yapo, viazi vingi vya lishe vina ukavu mdogo kuliko vile vyetu vyeupe. Lakini nusu ya tatizo liko jikoni. Ukishachimba, viache mahali pakavu penye kivuli siku chache kabla ya kupika, vinapungua maji na kuongeza utamu. Usivimenye ukavizamisha kwenye sufuria. Vipike na maganda yake kwa maji kidogo yaliyofunikwa vizuri, au vichome. Na uvile na kitu chenye mafuta, karanga za kusaga au maziwa, kwa sababu vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta.

Watoto wakiendelea kukataa, tafuta Ejumula. Nayo ni ya rangi ya chungwa kutoka Uganda, ila ina unga zaidi, na watu wengi waliozoea viazi vikavu huikubali. Udhaifu wake nakuambia mapema: virusi huipenda. Ukiipanda kwa marando yako mwenyewe misimu mitatu mfululizo utaiona inavyofifia. Hiyo ni ya kupandwa tuta chache kwa marando mapya yaliyo safi, na kung'oa mara moja mche wowote unaoanza kujikunja.

Na sasa mama mkwe. Ana hoja, tena nzito. Ukerewe na Polista ni majina yanayofahamika Kanda ya Ziwa kwa sababu watu wa hapa ndio waliozichagua, kwa ladha ya unga na kwa kushiba. Mtu aliyekula kiazi chake maisha yake yote anajua kinavyotakiwa kuwa mdomoni, na mtaalamu yeyote anayekuja na aina mpya bila kumuuliza huyo anapoteza muda. Mpeni nusu ya shamba. Ila sharti la marando safi linamhusu na yeye. Akienda Nansio kusalimia, aangalie shamba lililosimama kama nilivyoeleza, achukue vichwa tu. Ajue pia kwamba jina hubadilika kijiji hadi kijiji, kwa hiyo aifuate sura ya jani na rangi ya ganda anayoikumbuka, asiridhike na alivyoambiwa.

Mwulize pia kama atatengeneza michembe na matobolwa, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa, vibichi au vilivyochemshwa. Ikiwa ndiyo, kiazi chake chenye ukavu ndicho kinachofaa, kwa sababu kinakauka haraka na kutoa vipande vingi. Mkikausha na vya lishe, visikae kwenye jua kali kutwa, jua hula ile vitamini mnayoitafuta. Vianikwe kwenye kivuli penye upepo.

Muuza pembejeo aliyekushauri aina moja sikubaliani naye. Aina moja ikishikwa na ugonjwa, shamba lote limeshikwa siku moja. Na aina moja hukomaa kwa pamoja, utakuwa na viazi kuliko mnavyoweza kula kwa mwezi mmoja, kisha hakuna. Kwa familia inayokula viazi kila siku, unataka kinachowahi na kinachochelewa. Kwa hiyo nusu ya ukerewe, na nusu nyingine iwe zaidi ya Kabode na matuta machache ya Ejumula. Aina zisichanganywe ndani ya tuta moja kama ulivyofanya, maana hutajua ipi imekufaa.

Mpangilio wenyewe: matuta ya mita moja kutoka moja hadi jingine, marando kila sentimita 30, theluthi mbili za rando chini ya udongo. Kwa robo eka hiyo ni zaidi ya marando 3,000, kwa hiyo usishangae ukilazimika kuanza na sehemu tu. Luseni ya juu ndiyo mahali pa viazi. Usiijaze samadi, kidogo iliyooza inatosha. Samadi nyingi huleta majani mengi na mizizi myembamba. Upande wa chini wenye udongo mweusi, viazi vitaoza au vitakuwa virefu visivyo na umbo, labda kwa matuta ya juu sana. Na usisogee mpaka kwenye matete. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ile mizizi ya matete ndiyo inayochuja tope lisiingie majini.

Upande huo wa unyevu, ukishakuwa nje ya mita 60, una kazi yake muhimu sana: kitalu. Shida ya marando Mwanza ni kwamba kuanzia Juni hadi Septemba yanakauka, mvua ikinyesha watu wanagombania mabaki yenye magonjwa. Tenga kijitalu cha mita chache, panda vichwa safi, mwagilia, ng'oa kinachoonekana kuumwa. Ukiweza kufunika kwa wavu, uwe wa matundu madogo sana. Chandarua cha mbu nzi weupe hupenya. Hapo hapo tenga na kipande cha matembele ya mboga, usichume majani kila siku kwenye matuta ya viazi kisha ukalalamika viazi havijanenepa.

Kama hakuna maji ya kutosha ya kitalu, kuna njia nyingine. Wakati wa kuvuna chagua viazi vizima visivyo na tundu, kutoka kwenye mimea iliyokuwa na afya, vipange kwenye beseni lenye mchanga mkavu uliopoa, tabaka kwa tabaka, uweke ndani ya nyumba. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vitoe, vipande karibu na maji, vitachipua marando mapya. Kwa vuli hii umechelewa, lakini kwa mwakani anza kuvichagua siku ile ile ya kuchimba.

Marando ya kuanzia vuli hii yatafute kwa wazalishaji wanaokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibiti ubora wa mbegu, ambao marando yao husajiliwa kama mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Afisa ugani wa kata yako anapaswa kujua walio karibu. Asipojua, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kiko Misungwi, nauli yake haikushindi, na viazi vitamu ni kazi yao. Ulizia Kabode kwanza. Nenda mapema kabla mvua haijakolea, kwa sababu ikishakolea kila mtu atakuwa mlangoni kwao. Ukiyapata, yaweke kivulini siku moja au mbili kabla ya kupanda ili yaanze kutoa mizizi, na upande jioni baada ya mvua, siyo kabla.

Bibi Shamba